Namna ya Kukusanya Stempu za Kumbukumbu za Ndege za Kivita Ukiwa Kigoma

Mwezi Juni 1916, ndege za Wabelgiji zilizoundwa kutua majini ziliruka kutoka upande wa Kongo, zikavuka Ziwa Tanganyika na kudondosha mabomu katika bandari ya Kigoma, zikiilenga meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Zilikuwa ndege za aina ya Short 827 zilizotoka Uingereza, na zilifika ziwani baada ya kusafirishwa kwa meli, kwa reli na kwa mito. Meli iliyolengwa ilizamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai mwaka huohuo, ikaopolewa mwaka 1924, na ndiyo hiyo ambayo vizazi vya wakazi wa mwambao huu wameipanda kwa jina la Liemba. Naanza na habari hiyo kwa sababu nimeulizwa mara nyingi mtu wa Kigoma ana uhusiano gani na stempu zenye picha za ndege za kivita. Uhusiano upo, nao uko bandarini petu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeanza bila kitu, asiye na duka la stempu karibu naye, na mwenye fedha kidogo ya kutumia katika jambo hili. Msimamo wangu tangu mwanzo hadi mwisho ni mmoja, kwamba stempu ni hati, na hati husomwa. Mwenye stempu ishirini, akajua kila moja inaonyesha ndege gani, ilitolewa na nchi gani, mwaka gani na kwa ajili ya tukio gani, ameshaanza mkusanyo, hata kama jirani yake ana mia tano ndani ya bahasha asizowahi kuzitazama kwa makini.

Hatua ya kwanza: Chagua mipaka ya mkusanyo wako

Tofautisha kwanza stempu za kawaida na stempu za kumbukumbu. Za kawaida huchapwa tena na tena kwa miaka mingi kwa ajili ya barua za kila siku, ilhali za kumbukumbu hutolewa kwa ajili ya tukio, mtu au maadhimisho fulani, huuzwa kwa muda mfupi, na kwa kawaida hazichapwi tena. Ndege za kivita huonekana zaidi katika kundi hili la pili, kwa kuwa nchi nyingi huadhimisha vita, ushindi na majeshi yao kwa njia hiyo.

Kisha punguza. Ukisema unakusanya ndege zote za kivita za dunia nzima, utachoka kabla ya kujaza albamu ya kwanza, kwa sababu stempu za namna hiyo ni maelfu. Chagua vita kimoja, au aina moja ya ndege, au kazi moja ambayo ndege zilifanya. Wapo wanaochagua mapigano ya angani ya mwaka 1940 kati ya Uingereza na Ujerumani, na huo ni mwanzo mzuri, maana mwaka 1965, mapigano hayo yalipotimiza miaka 25, Uingereza ilitoa stempu nane za kuyakumbuka. Ukipenda wigo mpana kidogo, ziko stempu tano za Uingereza za mwaka 1997 zilizowaheshimu wabunifu wa ndege za Spitfire, Lancaster, Mosquito, Meteor na Hunter, na ziko stempu 20 za Marekani za mwaka huohuo, kila moja ya senti 32, zilizochanganya ndege za kivita na za kiraia. Mwaka 1998, Jeshi la Anga la Uingereza lilipotimiza miaka 80 tangu kuundwa kwake tarehe 1 Aprili 1918, visiwa na maeneo kadhaa yenye uhusiano na Uingereza vilitoa mifululizo ya stempu kwa pamoja, na hizo hupatikana bila shida kubwa.

Ushauri wangu kwa mkazi wa Kigoma, na ndio njia niliyoifuata mwenyewe, ni kukusanya ndege za kijeshi zinazotua majini. Mada hiyo inaanzia kwenye ziwa letu, ni finyu kiasi cha kuweza kushikika, na ina ndege mashuhuri kama Sunderland ya Uingereza na Catalina ya Marekani, ambayo imo miongoni mwa stempu kumi za senti 37 zilizotolewa na Marekani mwaka 2005.

Hatua ya pili: Andaa vifaa

Vifaa ni vichache. Unahitaji kibano chenye ncha bapa zisizo na meno, kwa kuwa jasho na mafuta ya vidole huacha madoa; kioo cha kukuzia; rula yenye milimita; daftari; na albamu yenye mifuko ya mlalo ambamo stempu huchomekwa bila gundi. Albamu ikikosekana, vibahasha vya karatasi nyeupe safi vinatosha kwa muda. Epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, kwa sababu plastiki ya aina hiyo hutoa kemikali ambazo baada ya miaka huharibu rangi ya stempu.

Hatua ya tatu: Tafuta stempu ulipo

Barua za kutoka nje ya nchi zimefika Kigoma kwa zaidi ya miaka mia moja, na nyingi hazijatupwa. Ziko kwenye parokia na misheni, kwenye hospitali zilizowahi kuwa na wauguzi wa kigeni, kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi, na zaidi ya kote ziko kwenye masanduku ya wazee waliokuwa na watoto masomoni ng'ambo. Mlango wa mzee haufunguliwi kwa haraka. Keti, salimia, zungumza habari za nyumbani, na ukiona wakati umefika ueleze shida yako kwa unyofu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ndani kwema."

"Ahsante babu. Nimesikia una barua za zamani za marehemu baba mdogo alipokuwa Urusi. Siombi barua zenyewe, wala sitazisoma. Naomba ruhusa ya kutazama bahasha."

Nilipata stempu zangu nne za kwanza za Kisovyeti kwa maneno karibu na hayo, na mzee yule alikaa nami hadi Magharibi akinieleza kila barua ilifika siku gani na nani aliisoma kwa sauti. Usichukue chochote bila ruhusa, na using'oe stempu kwenye barua ya familia ya mtu. Akikupa bahasha nzima, pokea nzima.

Njia nyingine ni posta. Shirika la Posta Tanzania hutoa stempu za kumbukumbu na lina huduma kwa wakusanyaji jijini Dar es Salaam, na karani wa dirishani anaweza kukueleza toleo lipi lipo na lipi limekwisha. Njia iliyo bora kwa stempu za nchi nyingine ni kubadilishana na mkusanyaji wa nchi hiyo, ambaye kwa kawaida hutamani stempu za Tanzania zilizotumika kwa kweli, zenye muhuri wa mji. Kwa kununua kwenye mtandao, dai picha ya mbele na ya nyuma ya stempu, na uanze na ununuzi mdogo hadi umjue muuzaji.

Hatua ya nne: Amua kama utaibandua

Wengi hukosea hapa. Kabla ya kugusa maji, tazama bahasha nzima. Kama muhuri unasomeka vizuri, kama bahasha ilitolewa rasmi siku ya kwanza ya stempu, au kama ilisafirishwa na ndege ya jeshi na ina alama ya kuthibitisha hivyo, iache jinsi ilivyo, kwa kuwa thamani yake ya kihistoria iko katika uzima wake.

Kama bahasha haina la ziada, kata karatasi kuzunguka stempu ukiacha nafasi kila upande, uilaze ndani ya bakuli la maji safi ya uvuguvugu, na usubiri dakika 15 hadi 20 mpaka stempu ijiachie yenyewe. Usiivute. Bahasha ya rangi iloweshwe peke yake katika maji ya baridi kidogo, kwa sababu karatasi nyekundu au ya kijani huchuja rangi na kutia doa stempu zote zilizomo bakulini. Baada ya hapo ilaze kwenye karatasi nyeupe inayonyonya maji, uso ukiwa chini, iache ikauke kivulini, kisha ibane ndani ya kitabu kizito kwa siku moja au mbili. Stempu za siku hizi zinazojinata zenyewe, hasa za Marekani na Uingereza, mara nyingi hazibanduki kwa maji. Hizo zikate pamoja na kipande cha bahasha na uzihifadhi hivyo.

Stempu mpya zilizoshikana usizitenganishe. Katika zile nane za mwaka 1965, sita zenye thamani ya peni 4 zilichapwa zikiwa zimeshikana katika fungu moja, na anayezikata amelivunja fungu ambalo haliwezi kuunganishwa tena.

Hatua ya tano: Tambua nchi na mwaka

Nchi nyingi huandika jina lao kwa lugha yao. Herufi CCCP ni Umoja wa Kisovyeti, Magyar ni Hungaria, Polska ni Poland, na Helvetia ni Uswisi. Stempu isiyo na jina la nchi hata kidogo, ila ina kichwa cha mfalme au malkia pembeni, ni ya Uingereza, iliyoanza kutumia stempu mwaka 1840 kabla ya nchi nyingine zote. Thamani nayo husaidia kukadiria umri. Herufi d baada ya tarakimu ilimaanisha peni ya zamani, na Uingereza iliacha mfumo huo wa peni na shilingi mwezi Februari 1971. Kwa hiyo stempu ya Uingereza yenye 4d ilitoka kabla ya hapo.

Mwaka wa stempu na mwaka wa tukio si kitu kimoja. Stempu ya mwaka 1965 inaweza kusimulia mwaka 1940. Andika yote mawili daftarini.

Hatua ya sita: Isome ndege yenyewe

Tumia muda mwingi hapa kuliko popote. Wachoraji wa stempu hawaandiki jina la ndege kila mara, na wakati mwingine huonyesha sehemu tu. Katika mfululizo huo wa 1965 ipo stempu inayoonyesha ncha za mabawa tu, bawa moja likiwa la Spitfire na jingine la Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani, na asiyezijua alama ataiona kama pambo la rangi.

Anza na mabawa na injini. Ndege yenye mabawa mawili yaliyopandana, moja juu na jingine chini, kwa kawaida ni ya zama za Vita Kuu ya Kwanza au miaka michache baadaye. Spitfire ina mabawa ya mviringo mrefu yanayochongoka mwishoni, ilhali Hurricane ina mabawa manene yenye kingo zilizonyooka na mgongo ulioinuka kama nundu. Corsair inatambulika kwa mabawa yanayoshuka karibu na mwili kisha yakapanda. Mustang ina mdomo wa kuingizia hewa chini ya tumbo. Lightning ina injini mbili na viwiliwili viwili vinavyokwenda sambamba hadi mkiani. Katika ndege za mabomu zenye injini nne, hesabu mapezi ya wima mkiani: Lancaster inayo mawili, na ile ya Marekani ijulikanayo kama B-17 ina moja kubwa sana. MiG-21, ndege ambayo majeshi mengi ya Afrika yameitumia, likiwamo jeshi letu, ina mabawa ya pembetatu na tundu la hewa puani lenye koni katikati.

Baadaye tazama alama zilizochorwa kwenye mwili na mabawa. Duara lenye nyekundu katikati, nyeupe, kisha buluu nje ni la Uingereza. Likiwa na buluu katikati na nyekundu nje ni la Ufaransa. Nyeusi katikati, njano, kisha nyekundu ni la Ubelgiji. Nyota nyekundu ni ya Kisovyeti. Nyota nyeupe ndani ya duara la buluu ni ya Marekani, na ikiwa na vipande vyeupe kulia na kushoto ujue mchoro unaonyesha hali ya mwaka 1943 au baadaye.

Mwisho soma namba, kwa kioo cha kukuzia. Mfano bora ni stempu ya Marekani ya senti 24 iliyotolewa Mei 1918 kwa ajili ya barua za ndege. Inaonyesha ndege ya mafunzo ya jeshi iliyoitwa Jenny, na ubavuni mwake pameandikwa 38262. Stempu ilichapwa kabla ya safari ya kwanza ya barua hizo, lakini tarehe 15 Mei ndege iliyopaa kutoka Washington ikiendeshwa na rubani wa jeshi ndiyo yenye namba hiyohiyo. Rubani huyo alipotea njia akaelekea kusini badala ya kaskazini. Kila ninapoisoma habari hiyo napata hamu mpya ya kutazama namba ndogo ambazo wengi huzipita.

Neno moja kuhusu haki katika kusoma. Katika mapigano ya 1940, ndege za Hurricane zilikuwa nyingi zaidi na ziliangusha ndege nyingi za adui kuliko Spitfire, lakini sifa imekwenda kwa Spitfire, na stempu zimeifuata sifa. Mkusanyaji mwaminifu huliandika hilo chini ya stempu zake. Vilevile stempu za kivita hutolewa na upande unaokumbuka ushindi wake; mabomu yaliyoonyeshwa yakiwa tumboni mwa ndege yaliangukia watu, na mji wetu umewahi kuwa upande wa chini.

Hatua ya saba: Pima uhalali

Stempu ya Jenny ilipata umaarufu kwa kosa: karatasi moja ya stempu 100 iliuzwa posta ya Washington ikiwa na ndege iliyochapwa kichwa chini, na stempu moja kati ya hizo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2 mwaka 2023. Ukiletewa stempu yenye ndege iliyopinduka, soma thamani kwanza. Ikiandikwa dola 2, ni toleo la kumbukumbu la mwaka 2013, ambalo Marekani ililichapa makusudi likiwa limepinduka. Hilo ni halali na linafaa albamu yako, lakini mtu asikuuzie kwa bei ya lile la 1918.

Tatizo kubwa zaidi ni stempu zinazochapwa na watu binafsi kwa jina la nchi ambayo posta yake haikuziagiza, na ndege za kivita ni mojawapo ya mada wanazozipenda. Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka 1874, ulianzisha mwaka 2002 orodha ya namba ya stempu halali inayojulikana kama WNS. Si nchi zote zimo, kwa hiyo kukosekana kwa stempu humo si ushahidi wa kutosha, ila kukupe sababu ya kuuliza zaidi. Stempu za Ulaya Mashariki zenye robo ya muhuri safi kabisa pembeni, na gundi yote ikiwa bado ipo nyuma, si bandia; zilipigwa muhuri kwa wingi ili ziuzwe kwa wakusanyaji, na hazikupita kwenye barua. Ziandike hivyo.

Kwetu sisi kuna mtego wa karibu. Wabelgiji walipoikalia Kigoma na Tabora mwaka 1916, stempu za Kongo zilipigwa chapa za uvamizi, yaani maneno yaliyogongwa juu ya stempu kuonyesha eneo lililokaliwa. Zipo zenye jina Kigoma, Tabora au Karema, na hizo hazikuidhinishwa rasmi. Chapa ya neno moja ni rahisi kughushi, na moyo wa mtu hulainika akiona jina la mji wake. Usinunue bila cheti cha mtaalamu.

Bei zilizomo kwenye katalogi, iwe ya Stanley Gibbons, Scott, Michel au Yvert, ni za kulinganisha. Muuzaji wa kawaida hupokea pungufu sana.

Hatua ya nane: Linda mkusanyo dhidi ya unyevu

Niliweka albamu yangu ya kwanza ndani ya sanduku la bati, juu ya sakafu ya saruji, karibu na ukuta unaopokea mvua. Nilipoifungua mvua zilipokwisha, stempu mpya zote zilikuwa zimegandamana kwa gundi yao, na nyingine zilikuwa na madoa ya kahawia ambayo hayajatoka hadi leo. Kati ya hizo ilikuwamo Catalina niliyoisubiri miezi saba.

Kuanzia mvua za mwanzo hadi Mei, weka albamu wima kama kitabu kwenye rafu, mbali na ukuta na palipoinuka kutoka sakafuni, wala usizibane. Tia ndani ya boksi vile vipakiti vya chembechembe vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu vipya, na uvikaushe juani kila baada ya muda. Fungua albamu kila wiki siku isiyo na mvua, upeperushe kurasa kivulini, kwani jua hufifisha rangi. Mende hupenda gundi, na mchwa hawahitaji maelezo kwa mtu wa Kigoma. Kagua boksi lenyewe kila unapolifungua. Stempu zikigandamana, usizivute. Ziweke juu ya kijukwaa kidogo ndani ya chombo chenye kifuniko na sifongo lililolowa chini yake, zisiguse maji, na baada ya saa kadhaa zitaanza kuachana. Yenye ukungu itenge siku hiyohiyo.

Hatua ya tisa: Andika ukurasa

Tumia karatasi ya A4, kwa sababu kwenye maonyesho ya stempu fremu moja kwa kawaida hubeba kurasa 16 za kipimo hicho. Weka stempu chache kwa ukurasa, na chini yake maelezo mafupi. Kwa stempu ya Uingereza ya peni 20 ya mwaka 1997, mimi nimeandika hivi: "Spitfire na mbunifu wake, Reginald Mitchell. Iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Mitchell alifariki Juni 1937, kabla ndege yake haijaingia jeshini."

Usichanganye mada mbili: stempu zinazoonyesha ndege ni mkusanyo wa mada, na barua zilizobebwa na ndege ni fani nyingine yenye kanuni zake. Bahasha iliyorushwa inaweza kuingia kwenye kurasa zako pale tu inapoendeleza habari unayoisimulia.

Hatua ya kumi: Tuma za kwako

Mwenzako wa ng'ambo akikuletea stempu, mjibu kwa bahasha uliyoiandaa vizuri. Tumia stempu za kumbukumbu za Tanzania badala ya alama ya mashine, zibandike juu kulia zikiwa zimenyooka, na uweke kadi ngumu ndani ili bahasha isikunjwe. Nenda posta asubuhi kabla ya foleni, umwombe karani kwa heshima agonge muhuri kwa mkono, kwa wino wa kutosha, katika kona ya stempu ili picha isifunikwe, tarehe na neno Kigoma vikisomeka. Subiri wino ukauke ndipo umkabidhi.